Kulisha Kundi Jipya la Nyuki kwa Maji ya Sukari

Kundi la nyuki lililoingia katika mzinga mtupu halina akiba ya chakula, ilhali nyuki huhitaji sukari nyingi ili kutengeneza nta ya kujengea masega. Maua yakiadimika, nyuki wa Afrika hawasubiri kufa njaa. Huhama, na mfugaji hubaki na mzinga usio na kitu.

Ili kuepuka hasara hiyo, mfugaji anashauriwa kukoroga kilo 1 ya sukari nyeupe katika lita 1 ya maji ya moto hadi iyeyuke, kisha aache mchanganyiko upoe kabisa. Sukari guru isitumike, kwani huwasababishia nyuki kuhara. Vivyo hivyo asali isiyojulikana ilikotoka, kwa kuwa yaweza kubeba magonjwa.

Chombo kiwekwe ndani ya mzinga wakati wa jioni, kikiwa na vijiti vinavyoelea ili nyuki wasizame. Maji yakimwagika nje, huwavutia sisimizi na nyuki waporaji.

Maua yakichanua, ulishaji ukome. Maji ya sukari yakihifadhiwa katika masega ya kuvunwa, atakachouziwa mlaji si asali.

Kwa ushauri zaidi, wafugaji wamwone Afisa Nyuki wa Wilaya.