SOMO: MATABISHI NI SEHEMU YA BEI



Mnunuzi anapoongezewa kidogo juu ya alichonunua, wenzetu wa Kongo husema amepewa matabishi. Katika masoko ya Malawi nyongeza hiyo huitwa basela. Je, ni zawadi kweli? Tulitazame jambo hili kwa wenzetu wa Dzaleka.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Zamani ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000, lakini sasa wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili husikika sokoni kutwa.

Mtu aliye ugenini huwa hajazijua bei. Isitoshe, kwacha ilishushwa thamani Mei 2022 na tena Novemba 2023, hata bei zilizozoeleka zikaacha kuwa kipimo. Mtu wa namna hiyo huvutwa upesi na muuzaji mkarimu. Basi tuyashike mambo haya:

1. Tupige hesabu. Tuseme duka la kwanza linauza kilo ya maharage kwa kwacha 2,600, bila nyongeza. La pili linauza kwa kwacha 3,000 na kuongeza gramu 100. Ukigawa 3,000 kwa kilo 1.1, kila kilo imekugharimu karibu kwacha 2,727. Matabishi umeyalipia mwenyewe, na zaidi.

2. Tuhesabu nauli. Bei ya Lilongwe yaweza kuwa ndogo, lakini kuna nauli ya kwenda na kurudi, na siku moja ya kazi imepotea. Mkimbizi hutakiwa pia kuwa na kibali cha kutoka kambini. Ikiwa unafuu hauzidi gharama hizo, hakuna faida.

3. Tuulize masharti. Dakika za bure za simu huwa na muda wake, usipozitumia zinakwisha. Na anayetumiwa fedha kwa Airtel Money au Mpamba aulize kwanza ada ya kutolea. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine ni hatari: mbele ya kampuni, mwenye fedha ni mwenye jina.

4. Tudai risiti. Mwaka 2003 Malawi ilitunga Sheria ya Kumlinda Mlaji. Malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani na Biashara ya Haki, Lilongwe. Lakini mlalamikaji asiye na risiti hana silaha.

5. Tununue pamoja. Mtu mmoja mwenye kilo moja hawezi kubishania bei. Watu kumi wakichanga fedha, mmoja wao akaenda kwa kibali na kununua gunia zima, nauli ni moja na bei ni ya jumla. Wagawane kwa mizani, mbele ya wote, na hesabu iandikwe.

Mshahara hupiganiwa kiwandani na shambani, lakini hupotea dukani. Anayelinda ujira wake na alinde pia matumizi yake.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Ni nyongeza gani hutolewa katika maduka ya karibu nasi, na nani huilipia?
(b) Ni bidhaa gani twaweza kuanza kuinunua kwa pamoja mwezi ujao?
(c) Nani atashika fedha, na nani atakagua hesabu?