Je, Yafaa Kujaza Sindano za Insulini Mapema?

Wasomaji wenzangu, likizo iliyopita niliulizwa swali ambalo halimo katika kitabu chochote tusomacho hapa shuleni, na jibu lake lilinichukua siku nyingi kuliko hesabu yoyote ya Bwana Mwalimu. Aliyeniuliza ni bibi yangu mzaa baba, akaaye Ntalikwa. Alisema, "Mume wangu, wewe ukirudi shuleni, nani atanivutia dawa?"

Bibi ana ugonjwa wa kisukari, na kila siku huchomwa insulini mara mbili, asubuhi na jioni, kabla ya kula. Kujichoma mwenyewe hajambo. Amefanya hivyo kwa miaka mingi wala haogopi. Lakini macho yake yameingia ukungu, na ile mistari midogo iliyo ubavuni mwa bomba la sindano haioni tena. Siku nilizokuwa nyumbani mimi ndiye niliyevuta dawa, yeye akajichoma. Nikifikiri nimepata akili kubwa, nikamjibu, "Bibi, nitakujazia mabomba ya wiki nzima, uwe unachukua moja moja tu." Kwa bahati njema niliamua kulijaribu shauri hilo wiki moja kabla ya kuondoka, nikiwa bado nipo.

Kabla sijaeleza yaliyotukia, yafaa tukumbushane insulini ni kitu gani. Ni homoni itokayo katika kongosho, nayo huifungulia sukari ya damu njia ya kuingia katika chembe za mwili. Mtu asiyekuwa nayo hukonda na kufa huku damu yake imejaa sukari. Mwaka 1921, huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliipata kutoka kongosho za mbwa, na mwezi Januari 1922 ikatiwa mwilini mwa mvulana mmoja wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa karibu kufa. Akaishi miaka 13 zaidi. Wengine huuliza kwa nini isimezwe kama vidonge. Insulini ni protini. Ukiimeza, tumbo huisaga kama lisagavyo maharage. Na kwa kuwa ni protini, joto kali huiharibu, kama moto ubadilishavyo ute wa yai. Kugandishwa kuwa barafu nako huiharibu, jambo ambalo wengi hatulijui.

Basi, Jumapili jioni nikakaa mezani. Dawa ya Bibi ni ile ya mchanganyiko, nyeupe kama maji ya mchele. Asubuhi huchukua uniti 20 na jioni uniti 10. Nikajaza mabomba 14: saba ya asubuhi nikayatia katika kikombe kimoja, saba ya jioni katika kikombe cha pili, yote sindano zikitazama chini, maana nilidhani ndiyo njia salama. Vikombe nikaviweka katika chungu chetu cha baridi, nitakachokieleza baadaye.

Jumanne asubuhi Bibi alisukuma bomba likakataa. Chembe nyeupe za dawa zilikuwa zimetuama chini, zikaziba tundu la sindano. Nikamvutia nyingine, nikaona ni jambo dogo.

Jumatano usiku, yapata saa 4, nilisikia Bibi akizungumza peke yake. Nilimkuta amelowa jasho, mikono inatetemeka, akimwita babu ambaye tulimzika zamani. Niliogopa sana. Lakini nilikumbuka somo tulilopewa juu ya sukari kushuka, na nyumba ya Mnyamwezi haikosi asali. Kwa kuwa alikuwa bado aweza kumeza, nilimpa kijiko kikubwa cha asali, nikangoja dakika 15, nikampa cha pili. (Mtu aliyezimia asitiwe kitu kinywani, maana atapaliwa; huyo akimbizwe hospitali.) Alipopata fahamu alinitazama akasema, "Mbona unalia?" Tulikaa macho hadi alfajiri, nikimpa uji kila mara, kwa kuwa dawa ya mchanganyiko huendelea kufanya kazi saa nyingi.

Kulipokucha nikayahesabu mabomba. Kama mambo yangekwenda sawa, yangebaki manne katika kila kikombe. Nikakuta matatu ya asubuhi na matano ya jioni. Mtoto aliyefagia alikuwa ameviondoa vikombe akavirudisha kwa kubadilishana nafasi, na Bibi, asiyeona vema, alijichoma uniti 20 badala ya 10. Hakuna wa kulaumiwa ila mimi.

Siku ile ile nilimpeleka Bibi kuonwa, nikamweleza Bwana Mganga yote bila kuficha. Nilitazamia kugombezwa. Alichofanya ni kunivutia kiti akasema kwamba shauri la kujaza mapema si baya lenyewe, ila nililifanya nusu. Haya ndiyo niliyojifunza kwake, na mengine niliyapata baadaye kwa mwalimu wetu wa biolojia.

Katika nchi nyingi wauguzi huwajazia wagonjwa wasioona vema, au wenye mikono inayotetemeka, mabomba ya siku kadhaa. Chama cha Kisukari cha Marekani kimepata kuandika kwamba insulini iliyokwisha kujazwa katika bomba hukaa salama hadi siku 30. Lakini yapo masharti, na hapo ndipo tulipo wengi: bomba likae ndani ya jokofu, limesimama, sindano ikitazama juu ili chembe za dawa nyeupe zisizibe tundu, na kabla ya kuchoma libiringishwe polepole baina ya viganja mpaka dawa ichanganyike. Mimi niliyapindua mabomba yote chini juu, wala hatuna jokofu.

Je, chungu chetu hakitoshi? Tumetia chungu kidogo ndani ya kikubwa, na mchanga katikati, nao hunyweshwa maji kila asubuhi na jioni. Maji yakikauka huondoka na joto, kama jasho lipozavyo ngozi. Nilipata kuazima kipimajoto nikapima mchana mmoja wa mwezi Septemba: kivulini nyuzi 32, ndani ya chungu nyuzi 25. Kwa kichupa hali hiyo si mbaya. Mwaka 2021 ilitolewa habari ya uchunguzi uliofanywa na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, wakifuata hali ya Dagahaley, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya, ambako ndani ya nyumba joto hupanda na kushuka baina ya nyuzi 25 na 37. Vichupa vya insulini vilivyowekwa katika joto la namna hiyo kwa wiki 4 vilikuwa bado na nguvu yao. Habari hiyo imewafurahisha wengi wasio na umeme, nami pia. Hata hivyo tusiivute kupita ilipofika. Waliyoipima ilikuwa ndani ya kichupa cha kioo chenye kizibo chake na dawa ya kuzuia vijidudu. Bomba la plastiki limetengenezwa litumike mara moja na papo hapo, si kuwa ghala. Zile siku 30 ni za jokofu. Asiye na jokofu asijihesabie siku hizo.

Huenda msomaji akasema, basi dawa ni jokofu tu. Naona sivyo, maana jokofu lisingalimwokoa Bibi usiku ule. Vikombe vingebadilishwa humo humo. Hili ndilo lililonisumbua zaidi ya habari ya joto. Mtu avutapo dawa kila mara, akikosea amekosea mara moja, na kesho huanza upya. Mimi nikivuta dawa Jumapili nikasoma mstari vibaya, nimekosea siku saba, na mwenye kujichoma ndiye asiyeweza kuona kosa. Tena kipimo si kitu cha kudumu: sukari ikipimwa asubuhi ikawa chini, au mgonjwa ana homa na hali chakula, au daktari amebadili uniti, bomba lililojazwa juzi halijui habari hizo. Hata watu wa chanjo Shirika la Afya Duniani huwaambia wasijaze mabomba mapema, ila wavute kwa kila mtoto anapofika, nao ni watu wenye macho mazima na mafunzo.

Liko jambo jingine, nalo linanikumbusha Kwihara. Wengi wetu tumepelekwa kuitazama nyumba ya udongo alimokaa David Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi. Miaka mitano nyuma, Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wapagazi wawili walimtoroka na sanduku lake la dawa. Dawa zilikuwa katika mzigo mmoja, na mzigo huo siku ile ulikuwa umebadilishwa bega. Nilipoyatazama mabomba yangu 14 nikaona nimetia uniti 210 katika chungu kimoja. Kingeangushwa na mbuzi, Bibi angekosa dawa, na kichupa cha pili kilikuwa mjini.

Basi tumefanyaje? Mdogo wangu yuko darasa la sita na macho yake ni ya mwewe. Bwana Mganga alimfundisha mwenyewe, akamfanya avute maji mara kumi mbele yake. Aligundua jambo ambalo mimi, mkubwa, sikulifikiri: jioni yeye yupo nyumbani, kwa hiyo hakuna haja ya kujaza mapema. Anayepungukiwa ni asubuhi tu, kwa kuwa huondoka kwenda shule kabla Bibi hajaamka. Kwa hiyo kila jioni huvuta mara mbili. Uniti 10 Bibi hujichoma papo hapo. Zile 20 za asubuhi hubaki, bomba moja tu, limefunikwa, limesimama sindano ikitazama juu katika kikombe chenye mchanga mkavu ndani ya chungu. Bomba hilo amelifunga uzi mwekundu, ili vidole vya Bibi viusikie hata gizani. Bibi akiligusa hulibiringisha, hula tayari, hujichoma. Jioni mdogo wangu huanza kwa kulitafuta bomba tupu katika kopo la chuma. Asipolikuta, haulizi maneno mengi, ila hulitafuta lililojaa, na bila kuwa na hakika hamchomi Bibi mara ya pili. Kopo likijaa hupelekwa zahanati, wala halitupwi jalalani watoto wachezapo.

Kuvuta kwenyewe hakuna miujiza. Mikono ioshwe, kichupa kibiringishwe, kisitikiswe kwa nguvu, kizibo kifutwe kwa spiriti. Hewa yenye ujazo sawa na kipimo itiwe kwanza katika kichupa, kisha kichupa kigeuzwe na dawa ivutwe taratibu, na mapovu yagongwe kwa kidole mpaka yapande, maana povu hukaa mahali pa dawa. Bomba liwe lile la uniti 100 kwa mililita moja, ambalo kwa kawaida lina kifuniko cha rangi ya chungwa. Yako mengine ya uniti 40, kifuniko chekundu, na atakayevuta dawa ya uniti 100 kwa bomba hilo mpaka mstari wa 20 atajitia uniti 50. Dawa za namna mbili zisichanganywe katika bomba moja kwa kubahatisha; ziko zisizokubali kabisa kuchanganywa. Tarehe ya kukifungua kichupa iandikwe juu yake: watengenezaji wengi huruhusu wiki 4 hadi 6, na cha Bibi, chenye uniti 1,000, kwa uniti 30 kwa siku humalizika siku ya 33, kwa hiyo tunaisoma vema karatasi iliyomo kijisandukuni.

Mwenzangu mmoja bwenini ana kisukari naye, akaniuliza kama ajaze mabomba ya wiki ili asichelewe gwaride. Nilimwambia hapana. Yeye anaona, ana mikono, na kuvuta dawa humchukua muda mfupi kuliko kufunga viatu. Kwake kujaza mapema ni kununua hatari bila kupata faida. Kwa Bibi faida ipo, na hata hivyo tumeipunguza hadi bomba moja. Wako watu wakaao peke yao ambao nesi aweza kuwafikia mara moja tu kwa juma, nao wana jokofu. Hao wakijaziwa mabomba ya siku saba, kila moja limeandikwa siku na saa, na mtu wa pili ameyakagua, sitawapinga. Lakini wamwulize daktari wao, si mimi.

Juma lililopita nilipata barua ya mdogo wangu. Anasema mvua zimeanza, hewa ina unyevu, na mchanga wa chungu haukauki upesi, hivyo ndani si baridi kama ilivyokuwa Septemba. Amekisogeza chungu upenuni panapopita upepo. Bibi anasalimu, na anauliza kama hapa shuleni tunapewa asali.