SOMO LA MPIRA: NAMNA YA KUPIMA MSTARI WA MBELE WA EKIPE



Juma lijalo kila darasa litatoa majina ya wachezaji wa ekipe ya shule. Tangu sasa kelele ni mingi: "Huyu alitia magoli munane, ule mbili tu, atoke!" Hesabu ya namna hiyo ni nusu ya hesabu. Kwa ajili yake kijana anaweza kunyimwa nafasi bure, na ekipe nzima ikapata hasara. Kwa hiyo leo tujifunze kupima mstari wa mbele. Mfano wetu mkubwa ni ekipe ya kazi ambayo sote tunaijua: Tout Puissant Mazembe ya Lubumbashi.

Magoli ni kama gunia la kakao. Hapa Kamango mnunuzi hatazami ukubwa wa gunia peke yake. Anaingiza mkono mpaka ndani, anatazama kama mbegu zimekauka sawasawa. Basi na sisi tuingize mkono. Maswali ni 5.

1. Walimfunga nani, na wapi?

Tarehe 31 Oktoba 2010, katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, Mazembe ilipiga Espérance ya Tunis 5-0 kule Lubumbashi. Siku 13 baadaye, kule Tunis, ilikuwa 1-1. Anayesoma 5-0 tu atasema mstari ule hauna mfano. Anayesoma 1-1 tu atasema ni wa kawaida. Wote wawili wanakosa. Andika magoli ya nyumbani mbali na ya ugenini. Tena uliza kama walikuwa na haja ya goli, kwani mwenye kutangulia kwa magoli 5 hana sababu ya kukimbilia mbele ovyo.

2. Ni watu wangapi wanaofunga?

Trésor Mputu alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mwaka 2009 kati ya wale wanaocheza ndani ya Afrika. Lakini mwisho wa 2010 hakuwepo uwanjani, kwa sababu FIFA ilikuwa imemfungia. Desemba Mazembe ikaenda Abu Dhabi kwa Kombe la Dunia la Klabu bila yeye. Mbenza Bedi akafunga, Pachuca ya Mexico ikashindwa 1-0. Tarehe 14 Desemba Kabangu akafunga dakika ya 53 na Kaluyituka dakika ya 85, na Internacional ya Brazil ikashindwa 2-0. Magoli 3, wafungaji 3. Hivi njo Mazembe ilivyokuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe lile.

Sasa tulinganishe na ekipe ya taifa ya Zaïre, mwaka 1974. Kule Misri ilichukua Kombe la Afrika kwa magoli 14, na 9 kati yake alifunga Ndaye Mulamba peke yake. Mpaka leo hakuna aliyefikisha hesabu ile katika kombe moja. Lakini mwaka uleule, katika Kombe la Dunia kule Ujerumani ya Magharibi, Zaïre ilicheza michezo 3 bila goli hata moja, na Ndaye mwenyewe alitolewa uwanjani katika mchezo wa pili. Ni kweli, wapinzani wa kule walikuwa wa nguvu zaidi, kama swali la kwanza linavyotukumbusha. Lakini nyumba yenye nguzo moja, nguzo ikiondoka, inakuwa namna gani?

3. Goli moja linagharimu nafasi ngapi?

Tuseme mchezaji A alifunga magoli 4 kwa nafasi 20, na mchezaji B alifunga 2 kwa nafasi 4. A anapata goli 1 kwa kila nafasi 5; B anapata goli 1 kwa kila nafasi 2. Kelele zitamwita A. Lakini tusimtupe A haraka: mtu anayefika mahali pa hatari mara 20 anajua kujiweka, afundishwe tu kupiga kwa utulivu. Na B tumwulize: mbona nafasi zako ni kidogo hivi?

4. Mpira unatoka wapi?

Mshambuliaji hawezi kula chakula kisichopikwa. Kama wa katikati hawapeleki mpira, wa mbele atasimama kama mti, na watu watamtukana. Na hata golikipa yumo ndani ya hesabu. Watu wengi wanamkumbuka Kidiaba kwa kurukaruka akikaa chini kwa makalio. Tukumbuke pia kazi aliyofanya kabla ya kucheza: alizuia mipira ya Internacional, na kwa sababu hiyo goli moja la Kabangu likawa na bei kubwa.

5. Wakipoteza mpira, wanafanya nini?

Mshambuliaji wa kweli ni mlinzi wa kwanza. Akisimama mikono kiunoni, wenzake 10 wanalipa deni lake. Kazi hiyo haiandikwi katika matokeo, lakini mwenye macho anaiona.

Angalisho

Kipimo hiki si unabii. Mwaka 2015 Mbwana Samatta wa Tanzania alikuwa na magoli 7, hakuna aliyempita katika Ligi ya Mabingwa, na Mazembe ikashinda USM Alger 2-1 kule Algiers, kisha 2-0 Lubumbashi. Lakini Desemba ileile kule Japani ikashindwa 3-0 na Sanfrecce Hiroshima, kisha 2-1 na Club América. Goli la pekee lilikuwa la Kalaba wa Zambia. Hata mwaka 2010, katika fainali, Inter Milan ilikuwa na magoli 2 kufika dakika ya 17, na mwisho ilikuwa 3-0. Kwa hiyo usimhukumu mtu kwa mchezo mmoja, wala usimsifu kwa mchezo mmoja. Tazama michezo 5 au 6 kwanza.

Kazi ya nyumbani

Chukua daftari, piga mistari, upate nguzo 5: nafasi, magoli, pasi zilizozaa goli, mipira aliyopokonya, na jina la ekipe pinzani. Wawili wawili mtazame mchezaji mmoja, halafu mlinganishe daftari zenu. Kama hazifanani, msigombane. Mtazame tena mchezo unaofuata.

Maswali ya kujipima:

a) Kwa nini 5-0 ya Lubumbashi na 1-1 ya Tunis zisisomwe mbali mbali?

b) Mchezaji wa darasa lako mwenye magoli mengi aliwafunga nani?

c) Ni nani katika darasa lako anayekimbia sana, anapokonya mipira, na jina lake halitajwi? Liandike.