SOMO: SAA YA MWILI NA SAA YA UKUTANI
Kwa familia zinazojiandaa kwa safari ndefu ya ndege

Tumeamua kuandika somo hili kwa sababu ya maswali mawili tuliyoulizwa baada ya ibada. Mama mmoja mwenye mtoto wa miezi minne aliuliza kama mtoto mchanga ataweza kupumua kule juu angani. Mzee mmoja aliuliza kama ni kweli kwamba mtu akifika ng'ambo hupoteza usingizi kama mgonjwa, maana mwanawe alimwambia kwa simu kwamba wiki nzima alikuwa anapika ugali usiku wa manane.

Kwanza tuseme wazi: hili si tangazo la safari. Tunajua zipo nyumba hapa Nyarugusu ambamo mizigo ilikuwa imeshafungwa mwezi wa Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari zikafutwa. Wengine wanangoja majibu ya nchi nyingine, wengine wameitwa na jamaa zao. Tunaandika ili yule ambaye siku yake itafika isimkute hajui.

KWA NINI MWILI UNAPOTEA

Wengi wetu tumeshavuka saa bila kutambua. Tulipotoka Fizi, Baraka au Uvira tukavuka ziwa mpaka Kigoma, saa za mikononi mwetu zilikuwa nyuma kwa saa moja. Mashariki ya Congo na Burundi wana saa yao, Tanzania ina yake. Saa moja haimsumbui mtu. Hata hapa Kasulu jua linachomoza zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam, ingawa saa ya ukutani ni ile ile, na hatuugui.

Lakini ndege inakimbia kuliko mwili. Dunia inageuka digrii 15 kila saa, kwa hiyo kadiri unavyokwenda magharibi au mashariki, ndivyo jua la huko linavyotofautiana na jua letu. London iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa joto. New York iko nyuma kwa saa 8 au 7, Chicago na Winnipeg kwa saa 9 au 8. Melbourne kule Australia iko mbele yetu kwa saa 7 au 8. Ndani ya ubongo, nyuma ya macho, kuna sehemu ndogo sana inayohesabu mchana na usiku kwa kuangalia mwanga unaoingia machoni. Sehemu hiyo ndiyo inayouambia mwili sasa lala, sasa amka, sasa ona njaa, hata sasa nenda chooni. Ukiuhamisha mwili kwa ndege, sehemu hiyo bado inahesabu saa za Nyarugusu. Inajirekebisha polepole, kwa kadiri ya saa moja hivi kila siku.

Tuchukue mfano. Familia inapanda ndege Nairobi saa tano usiku. Alfajiri wako Ulaya, wanangoja kiwanjani, mchana wanapanda ndege ya pili, na baada ya saa 8 hivi wanatua New York saa tisa alasiri, jua linawaka. Kwa mwili wao ni saa tano usiku. Watoto wanaanguka kwenye viti, mama anasinzia mbele ya afisa wa uhamiaji. Wanafika nyumba mpya, wanalala saa tatu usiku kama magogo, na saa nane usiku nyumba nzima iko macho. Kwa nini? Kwa sababu kwa miili yao ni saa nne asubuhi na watoto wanataka uji. Yule kijana wa mzee wetu hakuwa mgonjwa.

KABLA YA KUONDOKA

Hapa tuseme jambo ambalo halitawafurahisha wote. Uchovu mwingi tunaousikia haukuanzia kwenye ndege, ulianzia hapa kambini. Familia ikipata tarehe, nyumba hujaa watu siku tatu mfululizo, nyimbo mpaka asubuhi, sufuria haishuki jikoni. Kuagana ni kuzuri, na sisi wenyewe hatukosi kwenye mikesha hiyo. Lakini mama anayeondoka na watoto watano bila kulala usiku tatu anakwenda kuanza safari ya siku mbili au tatu akiwa ameshaisha. Tunaomba kuaga kufanyike mapema katika juma, na usiku wa mwisho familia iachwe ilale.

Halafu someni saa ya tiketi vizuri. Tiketi haihesabu kama sisi. Ikiandikwa 07:00 ni saa moja asubuhi. Ikiandikwa 01:00 ni saa saba usiku. Ikiandikwa Jumanne 00:40, maana yake ni usiku wa kuamkia Jumanne, na wewe unatakiwa uwe kiwanjani Jumatatu jioni. Anayekwenda kiwanjani Jumanne jioni ndege yake imeshafika ng'ambo.

Dawa za kila siku, ziwe za presha, za kisukari, za kifafa au za kupunguza makali ya virusi, zikae kwenye mfuko wa mkononi pamoja na karatasi zenu, si kwenye begi linalopelekwa tumboni mwa ndege. Muulize muuguzi mapema utakunywa saa ngapi njiani. Mwenye kuchoma insulini asijikadirie mwenyewe, maana siku ya kwenda magharibi inakuwa ndefu kuliko siku ya kawaida. Mwenye ugonjwa wa selimundu au upungufu mkubwa wa damu naye amweleze daktari kabla ya tarehe. Mama mjamzito aseme wiki zake kwa ukweli. Mashirika mengi ya ndege hayampandishi mama aliyepita wiki 36.

Na mawese? Tangu mwaka 2006 viwanja vingi vya ndege vimezuia chupa yenye zaidi ya mililita 100 za kitu cha majimaji kwenye mfuko wa mkononi. Mawese ni majimaji. Maziwa ya mtoto na dawa huwa vinaruhusiwa ukiwaeleza.

NDANI YA NDEGE

Tumjibu sasa yule mama. Ndiyo, mtoto atapumua. Hewa ya ndani ya ndege hukandamizwa mpaka iwe kama hewa ya mlimani, kwenye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400. Kasulu yenyewe ni nchi ya juu, kwa hiyo mwili wako hauendi mbali sana na ulikozoea. Kinachosumbua watoto ni masikio. Ndege inapopanda, na zaidi inaposhuka, hewa iliyo ndani ya sikio hubanwa na mtoto hulia kwa maumivu. Dawa yake ni kumeza mate. Mwamshe mtoto kabla ya kushuka, umpe titi au chupa. Wakubwa wapige miayo, watafune kitu.

Hewa ya ndani ni kavu, kavu kuliko kiangazi cha mwezi wa saba. Midomo inapasuka, macho yanawasha. Ombeni maji, mnywe kidogo kidogo safari nzima. Wengi wanakataa kunywa kwa sababu wanaogopa choo cha ndege. Ni kweli kinanguruma kwa nguvu unapobonyeza kitufe, na mtoto anaweza kudhani atavutwa. Hatavutwa. Mpelekeni mara ya kwanza mkiwa pamoja, mkamuonyeshe. Mlango mara nyingi hukunjwa katikati. Usukume pale katikati.

Chakula kwenye hizi ndege ndefu kimo ndani ya tiketi. Tumeandikiwa na familia iliyokaa njaa kutoka Nairobi mpaka Ulaya kwa sababu baba alikuwa na hofu kwamba akifungua sahani ataletewa deni. Kuleni, lakini kwa kiasi: kule juu hewa ya tumboni inatanuka, na maharage mengi utayajutia. Kahawa na chai ya rangi ni nzuri asubuhi ya kule unakokwenda. Ukinywa karibu na saa ya kulala vinakunyima usingizi. Pombe inaukausha mwili na kuharibu usingizi.

Nje ya dirisha baridi hufika karibu digrii 50 chini ya sifuri, na ndani pia miguu hupoa. Kila mtu awe na kitenge au sweta mkononi. Mkanda ufungeni juu ya blanketi ili mhudumu auone asiwaamshe, na usifunguliwe mkiwa mmelala. Ndege ikianza kurukaruka, ni kama lori kwenye barabara ya Makere wakati wa masika. Inatisha, lakini chombo kimejengwa kwa ajili ya hayo.

Jambo la miguu tulikazie. Mtu akikaa saa nyingi bila kunyoosha miguu, damu hulala kwenye mishipa ya ndani na inaweza kuganda. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya kukaa saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo karibu mara mbili, ingawa bado ni watu wachache, kama mmoja kati ya 6,000. Walio karibu zaidi na hatari ni wajawazito, waliojifungua karibuni, waliofanyiwa upasuaji, na waliowahi kuganda damu. Kwa hiyo legeza viatu, chezesha vifundo vya miguu kama unayeshona kwa cherehani, na taa ya mkanda ikizimwa simama utembee. Mzee na mjamzito wapewe kiti cha njiani. Vidonge vya usingizi hatuvipendi hapa, hasa vya kupewa na jirani: mtu analala kama jiwe saa 8 bila kugeuza mguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, au kifua kikabana na pumzi ikakatika, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo.

Ukishapanda ndege ya mwisho, igeuze saa yako iwe ya kule unakokwenda. Kule ikiwa usiku, jifunike uso kwa kitenge ulale. Kule ikiwa mchana, jitahidi kukaa macho.

UKIFIKA

Dawa kubwa ni mwanga. Aliyekwenda magharibi, yaani Ulaya, Marekani au Kanada, atoke nje alasiri na jioni, maana mwanga wa jioni unausukuma mwili uchelewe kulala. Wakati wa baridi jua la huko huzama mapema, hata saa kumi na nusu, kwa hiyo msingoje. Aliyekwenda mashariki mpaka Australia ana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa mwili ni mwepesi kuchelewa kuliko kuwahi. Siku mbili tatu za kwanza jua la mchana na alasiri linamsaidia kuliko la alfajiri. Jua la alfajiri kule bado ni usiku kwa mwili wake, na linaweza kumrudisha nyuma.

Usingizi ukikukamata mchana, lala nusu saa tu, mtu akuamshe. Ukiamka saa nane usiku, usiwashe taa kubwa wala simu wala televisheni. Weka ndizi na mkate karibu na kitanda cha watoto kabla ya kulala, ili njaa ya usiku isikupeleke jikoni. Jiko la umeme mtu hujazoea, usingizi umekulewesha, na kengele ya moshi ikilia jengo zima linatoka nje kwenye baridi. Hayo yametokea.

Lakini msiite kila kitu uchovu wa saa. Kama mtu ana homa, anatetemeka, kichwa kinapasuka, hata kama ni wiki kadhaa baada ya kufika na hata kama alimeza dawa kabla ya kuondoka, hiyo inaweza kuwa malaria, na malaria inaua haraka. Daktari wa nchi za baridi anaweza asiifikirie. Nendeni siku hiyo hiyo mkaseme kwa sauti: tumetoka sehemu yenye malaria, tunaomba damu ipimwe. Fundisheni sentensi hiyo hata kwa watoto wenye lugha.

Na usingizi ukikataa kurudi baada ya wiki mbili, si saa tena. Baba mmoja alituambia kwamba mwezi wa pili bado anaamka usiku anasikia mvua juu ya hema, na nje hakuna mvua. Huyo hakuhitaji kuambiwa anywe maji. Alihitaji mtu wa kukaa naye, na daktari wa kumsikiliza. Semeni mapema.

Mwisho, simu. Kule New York wakati wa baridi ikiwa saa mbili usiku na moyo umekujaa nyumbani, hapa kwetu ni saa kumi alfajiri. Mama yako akisikia simu saa hiyo ataruka akidhani ni msiba. Piga saa mbili asubuhi ya kule. Hapa inakuwa saa kumi jioni, ameshateka maji, amekaa.