Pesa za Ruzuku: Nani Huzifuata Mpaka Kijijini?

Tukitembelea vikundi, swali moja hatulikosi: serikali ikishatoa pesa, nani huangalia zinakokwenda? Wengine huuliza kwa kutaka kujua. Wengine huuliza kwa uchungu, kwa sababu waliwahi kuona pesa zikitangazwa kwenye baraza na zisionekane tena. Basi tumeona tulifanyie swali hili somo zima. Lisomeni pamoja kwenye mkutano, na asiyejua kusoma asomewe polepole.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Ruzuku ni pesa ambazo idara ya serikali hutoa kwa shule, zahanati au kikundi bila kudai zirudishwe. Mkopo ni kitu kingine. Hazina ya Uwezo, ile iliyoanza kusaidia vikundi vya akina mama, vijana na walemavu mwaka wa 2014, iliundwa kutoa mikopo isiyo na riba, na mkopo usio na riba bado ni deni. Tumeona vikundi vikichanganya mambo haya mawili, vikagawana pesa, halafu vikashangaa kudaiwa. Lakini hata ruzuku, ingawa hairudishwi, si zawadi ya harusi. Imetolewa kwa kazi fulani, na mpaka ile kazi ionekane, kuna mtu huko juu ambaye bado anaulizwa: pesa zilifanya nini?

Huyo mtu ni nani? Hapa Kenya, kila wizara au idara kuu ina Katibu wake, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka wa 2012 inampa yeye jukumu la kutoa hesabu. Pesa zikipotea chini yake, hawezi kusema tu kwamba ni karani aliyekosea. Kabla pesa hazijatoka kwenye mfuko mkuu wa serikali, Msimamizi wa Bajeti lazima akubali kwamba zinatoka kisheria. Ndani ya wizara kuna wakaguzi wake wa hesabu. Halafu yuko Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye si mtu wa wizara hata kidogo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni, na Katiba ya 2010 inamtaka Mkaguzi Mkuu awe amekagua na kutoa ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka huo kwisha. Ripoti huenda bungeni, na Bunge lina miezi mitatu ya kuizungumza na kuchukua hatua.

(Hapo pia mtaelewa kwa nini ofisi nyingine hukaa kimya mwaka mzima, halafu mwezi wa Mei zinawapigia simu kwamba leteni fomu kesho asubuhi. Mwaka wa fedha unafunga. Kikundi chenye makaratasi tayari hufaulu, na kile ambacho cheti chake kimelala sandukuni kwa mwenyekiti, naye amesafiri, hubaki nje.)

Sasa ukiwahesabu walinzi hawa wote, utadhani hakuna shilingi inayoweza kuponyoka. Kumbe wote hao wana shida moja. Wanakagua makaratasi. Karatasi ikisema shilingi 200,000 zilipokelewa na kikundi fulani, na sahihi tatu ziko chini, mkaguzi aliye Nairobi ataamini nini kingine?

Jirani zetu wa Uganda walilijua jambo hili kwa njia ya kuumiza. Mwaka wa 1996 ulifanywa uchunguzi katika shule za msingi 250. Wachunguzi hawakuishia wizarani. Walichukua hesabu za pesa zilizotumwa na serikali kuu kwa ajili ya mahitaji ya shule, mbali na mishahara, kisha wakaenda shuleni kuuliza ni ngapi zilifika. Walipopiga hesabu ya miaka ya 1991 mpaka 1995, wakakuta kwamba kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizotumwa, shilingi 13 tu ndizo zilizofika shuleni. Shule nyingi hazikuona hata senti. Kwenye vitabu vya serikali kuu pesa zilikuwa zimelipwa. Zilikuwa zimeishia njiani, wilayani, zikitumika kwa mambo mengine. Na wazazi hawakulalamika, kwa sababu hawakujua kwamba kuna kitu walichopaswa kupata. Mtu atalilia vipi mbuzi ambaye hakujua ni wake?

Serikali ya Uganda ilifanya nini? Ilianza kutangaza magazetini na redioni kiasi cha pesa kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka wa 2001, shule zilikuwa zinapata karibu shilingi 80 katika kila 100. Wako wasomi wanaosema matangazo peke yake hayakuleta badiliko lote, maana wakati ule serikali ilikuwa pia imerekebisha njia za kutuma pesa. Hatubishani nao. Sisi tunachoshika ni hiki, kwamba mlinzi aliyekuwa amekosekana miaka yote ile ni yule aliyeketi mwisho wa njia, mzazi wa kijijini, na hakuwa na kazi ya kufanya kwa sababu hakuna aliyemwambia idadi.

Hapa kwetu, elimu ya msingi ya bure ilipoanza Januari 2003, Wizara ya Elimu ilipitisha pesa moja kwa moja mpaka akaunti ya benki ya kila shule, bila kuzishusha kwanza ofisini wilayani. Wengi wenu mliokuwa kwenye kamati za shule mnakumbuka. Kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Shilingi 650 ziliingia akaunti ya vitabu na vifaa, ile tuliyozoea kuiita Simba, na shilingi 370 zikaingia akaunti ya matumizi ya kawaida. Kiasi hicho kimebadilika tangu wakati ule, na tangu 2018 vitabu vya kiada vimekuwa vikinunuliwa na serikali yenyewe na kupelekwa shuleni. Lakini tazameni ule mpango wa mwanzo ulivyokuwa na akili. Mzazi aliyemaliza darasa la nne tu aliweza kupiga hesabu. Watoto 300 mara 650 ni shilingi 195,000. Akauliza kwenye mkutano: vitabu vya 195,000 viko wapi? Mwalimu mkuu alilijua swali hilo linakuja, na kulijua kwenyewe kulikuwa ulinzi.

Je, pesa za elimu hazikuibwa? Ziliibwa. Mwishoni mwa 2009 Uingereza ilisimamisha msaada wake kwa elimu ya msingi nchini, na mapema 2010 Marekani nayo ikasimamisha wake. Ukaguzi uliotangazwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba zaidi ya shilingi bilioni 4 za wizara hazikuwa na maelezo yanayotosha. Katika jambo zima, zilitajwa sana pesa za semina. Fikirini kidogo hapo. Pesa za mtoto zilikuwa na mzazi wa kuzihesabu. Pesa za semina zilikuwa na mzazi gani?

Tukiwa watu wa kanisa, tusidhani mambo haya ni ya dunia tu. Fungueni Waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 8, kuanzia mstari wa 16. Paulo ana mchango mkubwa wa kupeleka Yerusalemu. Huyu ni mtume. Hata hivyo hakubali kuubeba peke yake. Anamtuma Tito, na pamoja naye ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, kusudi mtu asipate la kumlaumu juu ya zile fedha, wala mbele za Mungu wala mbele za watu. Akina mweka hazina wanaokasirika wakiombwa kitabu wasome hapo.

Sasa tuje kwa kikundi chenyewe. Ruzuku nyingi zinazofika kwa vikundi hufuata njia inayofanana. Idara hutangaza. Kikundi hujaza fomu na kuambatisha cheti cha usajili, kumbukumbu za mkutano ulioamua kuomba, majina ya wanachama na taarifa ya benki. (Juu ya cheti, tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, hakikisheni kwa Afisa wa Maendeleo ya Jamii kwamba cheti chenu bado kina nguvu.) Afisa huja kuona kama kikundi kipo kweli. Mkataba hutiwa sahihi. Pesa huingia benki, mara nyingi kwa awamu, na awamu ya pili haitoki mpaka hesabu ya ile ya kwanza iwe imepelekwa. Watu hulalamika juu ya awamu kana kwamba ni kunyanyaswa. Hapana. Kwa idara, awamu ndiyo kamba pekee iliyobaki mkononi baada ya pesa kutoka. Akishalipa zote siku moja, afisa hana tena la kuwashika nalo isipokuwa kesi, na kesi huchukua miaka.

Mahali pa hatari zaidi ni pale mnapotia sahihi. Tuchukue mfano. Kikundi kimepewa ruzuku ya kujenga nyumba ya kuku, na muuzaji analeta mabati. Hati ya kupokea imeandikwa mabati 30. Kwenye gari yako 24. Dereva anasema, "Mama, tia sahihi tu, hayo sita yanakuja kesho, mimi naharakisha." Katibu, kwa utu wema, anatia sahihi. Kesho haifiki. Mwezi wa tatu kikundi kinaenda kulalamika kwa ofisi ya idara, na afisa anafungua faili. Humo mna karatasi yenye majina yenu ikisema mlipokea 30. Kuanzia saa ile, kwa macho ya idara, ya Mkaguzi Mkuu na ya Bunge, yale mabati sita mnayo ninyi. Mkiendelea sana kulalamika, mtaulizwa mliyauza wapi.

Dawa yake ni rahisi, ila inataka moyo mgumu kidogo. Hesabuni kabla ya kalamu. Kama yamekuja 24, futeni ile 30 kwa mstari mmoja, andikeni 24, dereva naye atie sahihi pale pale, na mbaki na nakala. Akikataa, arudi na mabati yake. Vivyo hivyo na karatasi tupu. Yeyote anayewaomba mtie sahihi kwenye fomu isiyojazwa, awe mtu wa ofisi, awe mtoto wa pasta, anaomba kuandika historia yenu bila ninyi. Na yule "rafiki wa kikundi" anayedai elfu ishirini kwa kuwa aliwatembezea fomu, mwulizeni kama atatoa risiti. Ruzuku haina bei ya fomu ya chini ya meza. Mtu wa namna hiyo huripotiwa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na mkiona ni mbali, anzeni kwa kuandika jina, tarehe na maneno yake katika kumbukumbu za kikundi.

Kile kitabu cha kikundi ndicho karatasi ya pekee katika njia nzima ambayo haikuandikwa na mtu mwenye mshahara. Kiandikwe siku ile ile, kwa wino, na kisomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote. Kiasi kilichoingia kibandikwe pia mahali watu hupita, kwenye mlango wa kanisa, dukani au kwenye kituo cha maji. Viongozi wengine huogopa kwamba wakitangaza kiasi, ndugu na jamaa watakuja kukopa. Ni kweli watakuja, na mtawajibu kwamba pesa ni za kuku.

Na kama pesa zilitangazwa hazikufika? Hapo mna haki ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu raia yeyote aombe habari zilizo mikononi mwa ofisi ya umma. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Huhitaji kueleza sababu, na kuomba kwenyewe hakulipiwi, ingawa waweza kulipishwa gharama ya nakala. Asiyeweza kuandika, afisa anatakiwa amsaidie ombi liandikwe. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikataa au ikinyamaza, mnaweza kwenda mbele kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman. Barua yenyewe haihitaji maneno makubwa. Andikeni: sisi kikundi fulani, wa kata fulani, tunaomba kujua ni vikundi gani vya kata hii vilivyolipwa ruzuku katika mwaka wa fedha fulani, kila kimoja kililipwa kiasi gani, na siku gani. Peaneni tarehe ya kuipeleka, na mpate muhuri wa ofisi kwenye nakala yenu, maana siku 21 huhesabiwa tangu walipoipokea.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

Ni wanachama wangapi hapa wanaoweza kusema, bila kutazama kitabu, pesa za mwisho tulizopokea zilikuwa ngapi na zilitoka ofisi gani?

Cheti chetu, kitabu cha benki na nakala ya mkataba viko kwa nani usiku wa leo? Akiugua, nani mwingine anajua vilipo?

Tumewahi kutia sahihi ya kitu ambacho hatujakipokea? Kilifika?

Someni tena 2 Wakorintho 8:16–21. Katika kikundi chetu, nani humsindikiza mweka hazina kwenda benki, na nani alimchagua?