Gari Linanguruma? Lisikilize Kabla ya Kununua Beringi

Kwenye foleni ya Moi Avenue, beringi mbovu inaweza kukaa kimya kabisa, kwa kuwa gari halina mwendo. Kelele huanza ukishapita Westlands, Waiyaki Way inapofunguka kuelekea Kangemi: mngurumo mzito unaopanda kadiri mwendo unavyopanda.

Itenge injini kwanza. Simama mahali salama, toa gia, piga resi. Kelele ikitokea gari limesimama, achana na magurudumu. Chunguza alteneta na puli za mkanda. Ikinyamaza, rudi barabarani. Kwenye kona ya kulia uzito huegemea kushoto. Mngurumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kushoto. Kona ya kushoto huishtaki ya kulia. Usiliyumbishe gari makusudi katikati ya matatu za Uthiru; kona za kawaida zinatosha.

Tairi zilizolika vibaya huwapotosha wengi, ila sauti yake hubadilika lami inapobadilika. Ta-ta-ta unapokata usukani hadi mwisho ni jointi ya ekseli. Kugonga kwenye matuta ya Kawangware ni mambo ya bushi, linki au shokabsoba.

Sasa inua gurudumu kwa jeki, gari likalie stendi, mawe yazuie magurudumu mengine. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki: likitulia, ni beringi, likiendelea kucheza, angalia boljointi. Lisipocheza, usiseme beringi ni nzima. Nyingi hunguruma muda mrefu kabla ya kulegea. Gurudumu likilegea waziwazi, gari lipelekwe gereji kwa kuvutwa.

Ukienda kununua beringi Kirinyaga Road, usiende na jina la gari tu. Beba beringi ya zamani, ulinganishe namba iliyochongwa na vipimo. Kwa magari yenye ABS, beringi nyingi zina upande wa sumaku unaotazama sensa. Ikipachikwa kinyume, taa ya ABS itawaka kwenye dashibodi. Fundi akishika nyundo, mzuie, hata kama foleni ya wateja wake ni ndefu. Beringi ya kubana huingizwa kwa presi inayosukuma ukingo wa nje. Nyundo huacha alama kwenye njia ya golori, na mngurumo hurudi mapema. Nati ya habu ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, na nati za gurudumu zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hivi.