HESABU KABLA YA KOMPYUTA
Somo kwa wanaojiandaa na mashindano ya kutunga programu

Kutunga programu ni kuipangia kompyuta hatua za kufuata, moja baada ya nyingine, mpaka jibu la swali lipatikane. Kazi hiyo ina mashindano yake. Olimpiadi ya Kimataifa ya Informatiki, ambayo ni ya wanafunzi wa sekondari, ilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1989 katika mji wa Pravetz, Bulgaria, miaka 30 baada ya ile ya hisabati iliyoanzia Romania mwaka 1959. Siku hizi mshindani hufanya kazi peke yake kwa saa 5 kila siku, kwa siku 2 za mashindano. Programu yake hupimwa kwa data asizozijua, na kila kipimo kina kikomo cha muda, aghalabu sekunde chache tu. Programu ikichelewa, alama za kipimo hicho hupotea, hata kama jibu lake lingekuwa sahihi.

Kikomo hicho ndicho kinachowaangusha wengi. Mwanafunzi aliyeimudu lugha ya kompyuta hudhani kuwa mashine, kwa vile ina kasi, itamaliza kazi yoyote atakayoipa. Hisabati yaonyesha kwamba sivyo.

Swali la mwenye duka

Na ichukuliwe kwamba mwenye duka ameandika daftarini faida na hasara za siku 7, kwa maelfu ya shilingi, kama ifuatavyo:

4, -6, 5, -2, 7, -9, 3

Alama ya kutoa yaonyesha hasara. Mwenye duka ataka kujua ni mfululizo upi wa siku zinazofuatana uliompa jumla kubwa kuliko mingine yote.

Njia ya kwanza ni kuchagua kila siku ya kuanzia pamoja na kila siku ya kuishia, kisha kujumlisha namba zote zilizomo. Siku 7 zina mifululizo 28, na namba zitakazosomwa ni 84 kwa jumla. Jibu litakuwa 10, kuanzia siku ya 3 hadi ya 5, kwa maana 5 - 2 + 7 = 10.

Je, daftari likiwa na siku 100,000? Idadi ya namba zitakazosomwa hupatikana kwa kuzidisha n kwa n + 1, kisha kwa n + 2, na kugawanya kwa 6, ambapo n ni idadi ya siku. Matokeo yake yakaribia 167,000,000,000,000. Kompyuta yenye kufanya hatua 100,000,000 kwa sekunde moja itahitaji zaidi ya siku 19.

Njia ya pili yapunguza kazi. Jumla ya siku ya 3 hadi ya 5 ikishajulikana, hapana haja ya kuanza upya ili kupata ya siku ya 3 hadi ya 6. Yatosha kuongeza namba moja. Hivyo hatua hubaki sawa na idadi ya mifululizo, yaani 5,000,050,000, na muda huwa sekunde 50. Nafuu ni kubwa, lakini kikomo bado kimepitwa.

Njia ya tatu

Njia ya tatu yabadili swali lenyewe. Kwa kila siku huulizwa: ni ipi jumla kubwa kabisa ya mfululizo unaoishia siku hii? Mfululizo huo ama waanza siku hiyo hiyo, ama waendeleza ule ulioishia jana. Ikiwa jumla ya jana ni hasara, huachwa; ikiwa si hasara, huongezwa kwenye namba ya leo. Kwa daftari la hapo juu majibu ni haya:

4, -2, 5, 3, 10, 1, 4

Kubwa kuliko yote ni 10. Daftari lote limepitiwa mara moja tu. Kwa siku 100,000 hatua ni kiasi cha 100,000, na muda ni kama sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Yafaa njia hiyo ithibitishwe, si kuaminiwa tu. Siku ya kwanza ina mfululizo mmoja, basi jibu lake ni sahihi. Mfululizo wowote mrefu zaidi, ukiondolewa namba ya leo, huwa ni mfululizo ulioishia jana, nao hauwezi kuzidi jibu la jana. Kwa hiyo jibu la jana likiwa sahihi, la leo pia ni sahihi, na hivyo hivyo hadi mwisho. Na kwa kuwa kila mfululizo huishia siku fulani, hakuna hata mmoja uliosahauliwa.

Swali hili lilitokana na kazi ya Ulf Grenander wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, mwaka 1977, alipokuwa akichunguza picha. Kama alivyosimulia Jon Bentley mwaka 1984, njia ya tatu ilibuniwa na Jay Kadane, mtaalamu wa takwimu, muda mfupi tu baada ya kulisikia swali kwenye semina. Kilichomwezesha kilikuwa mazoea ya kufikiri kihisabati.

Namna ya kufanya mazoezi

Mwanafunzi akipewa swali, kwanza alitatue kwa mkono kwa namba chache. Pili, ahesabu hatua za njia yake kwa data kubwa kabisa iliyotajwa. Tatu, athibitishe kuwa njia ni sahihi. Ndipo aandike programu. Hatua tatu za mwanzo zahitaji karatasi na kalamu tu. Kwa hiyo shule yenye kompyuta moja, au isiyo nayo kabisa, yaweza kuanza leo. Anayekariri programu za wengine hukwama swali linapobadilishwa kidogo, ilhali aliyezoea kuhesabu na kuthibitisha huwa na pa kuanzia.

Zoezi

Msomaji ajaribu njia ya tatu kwa namba hizi: -2, 6, -3, 4, -9, 5, 1. Kisha afikiri: siku zote zikiwa za hasara, jibu litakuwa nini?

Majibu: 7, kuanzia siku ya 2 hadi ya 4, na hasara ya siku moja iliyo ndogo kuliko zote.